Ingénieur Gérard na jino moja ya mashini

Batu ya Bulengera bakikuambia kama mu commune yetu hakuzaliwaka mutu wa masomo, usibasikilize. Ingénieur Gérard alizaliwa pale pale, nyuma ya jiko yangu, na siku ile alitoka tumboni analia kwa Kifaransa. Nilikuwa pale, nilisikia na masikio yangu. Mama yake Falonne, Mungu amupumuzishe, akasema: "Huyu atasoma." Akauza mbuzi, akauza maharagwe, akauza hata shamba yake ya Alimbongo, ile ya udongo mweusi, yenye ungesahau fimbo asubui, mangaribi ukaikuta na majani. Mutoto akasoma. Akamaliza vitabu ya Butembo yote, bakamutuma Lubumbashi kusoma mambo ya mashini miaka sita. Miaka sita! Mu ile miaka mie nilipata bajukuu batatu, nikalima vilima mbili, na yeye alikuwa angali anachora boulon moja, ile bolti ya kukaza vyuma: mara kwa mbele, mara kwa ubavu, mara imekatwa katikati kama avoka.

Kisha bakamuita kwa Babelge miaka mbili, bamufundishe kazi juu ya kazi. Nilimuulizaka mara tatu hii kazi ni kazi gani, kusudi nisiseme mabaya ya mutu bila kujua. Ni hivi. Mutu mwingine anaamusha akili yake, anafanya kitu kipya. Gérard anakuja, anakiangalia, anaandika namna kimefanywa, anaandika akili ya ule mutu inaanzia wapi na inaishia wapi, sawa vile sisi tunapanda miti ya mupaka mu shamba. Serikali inapiga muhuri, na hakuna mwingine wa kuingia mule. Ile karatasi banaiita brevet. Donc, Gérard wetu alisoma miaka yote ile kusudi apande mipaka mu akili ya bengine. Yeye mwenyewe shamba hana. Mama yake aliiuza.

Kinshasa alitumika miaka tisa mu biro yenye upepo ya baridi inatoka mu ukuta. Ukimuuliza kazi yake kubwa ya kule, anavua miwani, anaipanguza, anasema: "Kifuniko ya chupa." Ndiyo. Ile ya bière. Kampuni fulani ilikunja kifuniko yake namna ya kukaza zaidi, na Gérard akaandika kurasa kumi na moja juu yake. Kurasa kumi na moja, na mie na meno yangu mbili naifungua bila kusoma hata moja!

Mwaka wa makumi tisa na nane akakuja kuzika mama yake. Tulimuzika Falonne siku ya ine. Siku ya yenga, ile ya kwenda kanisa, vita ikatoka. Ndege ikakatika, njia ikakatika, Kinshasa ikabaki kule, sisi huku, katikati masasi ya bunduki. Mutu alikuja na suti moja na sanduku ya vyombo ya kupimia, na vita ikamufunga pale pale kama mbuzi kwa kamba.

Mwingine angeshika jembe. Yeye akapanga chumba karibu na soko, akaandika juu ya ubao: INGÉNIEUR, BREVETS. Batu bakaona ingénieur, bakafurahi. Tamar, muuza chumvi, njo alikuwa wa kwanza kumupelekea radio yake.

"Ingénieur, inakohoa."

"Mama, mie hapana tengenezaka."

"Si ulisoma mashini?"

"Nilisoma namna zinatumika."

"Na kama unajua namna inatumika, unashindwa nini kuifanya itumike?"

"Mie naandikaka, mama."

"Basi iandikie barua ipone," Tamar akasema, akabeba radio yake.

Kutoka ile siku batoto ya soko bakamuita Docteur ya Karatasi, na hakuna mutu alimupelekea kitu tena. Alikuwa anakaa mu mulango, suti yake imeanza kungaa kwa magoti, anachunga mutu mwenye akili apite.

Mwenye akili alikuwako, mais hakupita pale. Jina yake Kasika. Alikuwa fundi mu garage ya Syauswa, mufanyabiashara mwenye tumbo linaingia mu nyumba mbele yake, na alioa mujukuu yangu Rébecca. Kwetu bwana ya mujukuu wako ni bwana yako pia, ni kwa kucheka tu. Kasika alikuwa ananiita bibi mukubwa, ananiletea nyama laini juu ya meno yangu. Mu vita ile mazout, mafuta ya mashini, ilikosekana, mashini za kukoboa kahawa zikanyamaza zote kutoka Butembo mpaka Beni, na banamuke bakarudia kutwanga kahawa mu kinu mpaka mabega yanaimba. Kasika akaona Rébecca anapaka mafuta ya mamba mu mikono kila mangaribi. Akaokota vélo ya kufa, baiskeli ya kutupa, akaokota tambour ya frein ya lori, ile chuma ya muviringo yenye inakaa ndani ya gurudumu, akaokota pneu, mupira ya gurudumu, ya zamani. Mu uwanja yake mwenyewe, si mu garage ya mutu, akafanya mashini ya kukoboa kahawa kwa miguu. Unakaa, unakanyaga pédale, kahawa inaingia na ganda, inatoka uchi. Kuku yangu alianza kutaga yai tulipofungua gunia. Alipomaliza, gunia imeisha. Na ile kuku hakuwa muvivu.

Siku ya kuifungua Kasika akatosha chupa ya bière, ya mwisho kutoka Kinshasa, alikuwa ameichunga mu sanduku. Kifungulio hakuna. Nikasema: leteni. Nikaweka kifuniko mu meno ya gurudumu ya pédale, nikavuta na nguvu ya wakati nilikuwa kijana. Chupa ikafunguka. Na jino moja ya gurudumu ikaruka, ikaanguka mu mchanga.

Mu uwanja tulikuwa tu mie, Kasika na Rébecca. Kasika akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi mukubwa, umeng'oa mutoto jino mbele hajaota ingine!" Gurudumu ilikuwa na meno makumi ine na ine, ikabaki na makumi ine na tatu. Kutoka pale mashini ikaanza kuchechemea: kra, kra, kra, ko! Kila muzunguko, ko! Kasika alisema atabadilisha gurudumu siku atapata ingine.

Hakupata. Mwezi ule ule alipanda lori kwenda Beni kutafuta vyuma, na lori ikarudi na yeye amefunikwa na hema. Sitasema mengi. Waliopiga lori walikuwa na bunduki, na mu ile miaka kila mutu mwenye bunduki alikuwa na jina refu ya chama yake.

Kilio haijakauka, Syauswa akafika na chukudu kubwa, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, na basoda bane wa bunduki. "Kasika alikuwa mutu wangu," akasema, "donc akili yake ni yangu, mashini ni yangu." Rébecca akakimbia kwa mukubwa ya biro ya commune. Ule mukubwa akauliza: "Uko na karatasi ya kuonyesha kama ni bwana yako aliifanya?"

"Niko na batoto batatu," Rébecca akasema. "Ni yeye alibafanya pia, na hata yabo sina karatasi."

Wakaibeba. Tulisikia ko! ko! inashuka na njia mpaka ikanyamaza.

Sasa usikilize fasi tulikwama. Maliro, mujomba ya Kasika, ni mufuaji wa chuma kule Kalunguta. Akasema: "Nitafanya ingine." Akafanya. Kahawa ikatoka unga. Akafanya tena, kahawa ikatoka na ganda zake, nzima, kama imeenda kutembea tu. Siri ilikuwa mu tumbo ya ile tambour: pneu inakatwa namna gani, inapindwa namna gani, inaachana na chuma kiasi gani. Kasika aliijua, na Kasika alikuwa chini ya udongo. Rébecca akarudi mu kinu. Mikono ikapasuka tena. Alikuwa hatafuti haki, masikini. Alikuwa anatafuta mutu mumoja wa kumuambia mu ile tumbo munakaa nini.

Na ule mutu, shetani iko na mchezo, akakuwa Gérard.

Juu Syauswa alitaka zaidi ya mashini moja. Alitaka hakuna mutu mwingine aifanye kutoka Beni mpaka Lubero. Akaenda kwa Docteur ya Karatasi. Gérard hakuuliza Kasika alikuwa nani ao mujane yake anakula nini. Sheria, akasema, inaangalia anayeomba. Akavaa ile suti, akapiga magoti mbele ya mashini siku tisa, na vyombo yake ya kupimia, kama Mukatoliki mbele ya Bikira. Bafundi ya garage bakasema alikuwa anaongea nayo.

Akaandika kurasa kumi na ine na michoro. Na mu ile kazi yao muko sheria ingine, ya kuchekesha: kama unataka serikali ikuchungie siri yako, lazima uiandike yote, bila kuficha, namna fundi yeyote akisoma anaweza kuifanya. Na lazima itundikwe inje siku makumi tatu, kusudi mwenye kupinga apinge. Muhuri ya Beni, ya ile serikali yetu ya musitu, ya waasi, ilichunga sheria ile. Syauswa akaogopa. Gérard akamucheka: "Patron, nani mu Bulengera atasoma kurasa kumi na ine ya Kifaransa?"

Tamar alisikia, akaniletea lile neno likiwa moto.

Ni kweli, mie hapana soma. Herufi mie naona kama nyayo ya kuku. Mais kichwa yangu haina hata tundu moja: hadisi yenye koko yangu, mama ya baba yangu, alinisimulia mara moja, nakupatia leo bila kuangusha hata mukia ya sungura. Nikavaa kitenge ya kupasuka, nikashika fimbo, nikaenda kusimama mbele ya ukuta ya Gérard, fasi karatasi zilitundikwa, mudomo wazi.

"Koko, unapotea?" Gérard akauliza.

"Nauliza tu, Maître. Hii ni matangazo ya kilio?"

Akacheka. Wiki tatu hakuna mutu alisimama mbele ya kazi yake. Mutu kama ule, ukimupa sikio moja, anakupa maisha yake. "Hii, koko, ni description. Ukiisoma, hata kipofu anaona mashini."

"Nisomee, mwana wangu. Mie niko mujinga na niko karibu kufa."

Akanisomea. Akageuza kila neno kwa Swahili, polepole, sawa unamupa mutoto uji. Pneu inakatwa bande sita, sawa mikanda. Bande zinapindwa kama njia yenye kupanda kilima, degré makumi tatu.

"Makumi tatu ni kiasi gani, Maître? Mie najua mbuzi tu."

Akakunja karatasi pembe moja, akanionyesha. "Hii." Akaitupa chini. Nikaangusha fimbo yangu, nikainama kuiokota, na karatasi ikapanda na fimbo.

"Na katikati ya pneu na chuma, milimetri saba."

"Eh! Ile ni kitu ya kula?"

"Unene wa kalamu hii, koko."

Nikaomba kuishika ile kalamu. Nikaishangaa, nikaibusu, nikasema mu Lubumbashi banatengeneza vitu. Ile kalamu hakuiona tena mupaka leo.

Nilirudi siku ingine tatu. Nilijifanya kiziwi, akarudilia kwa sauti. Nilijifanya musahaulifu, akarudilia na mikono. Njiani nilikuwa naigeuza hadisi: muzee mumoja anazunguka ndani ya nyumba bila dirisha, amevaa mikanda sita, ukuta hamugusi, kalamu inapita katikati. Vile haikuweza kutoka.

Siku ya mwisho akasema: "Sasa, koko, nitakuonyesha roho yake." Akaweka kidole juu ya ukurasa ya kumi na mbili, fasi ameandika maneno manene. Akasoma kwanza kwa Kifaransa, amefumba macho: "Machine caractérisée en ce que..." Kisha akaeleza. Mashini yenye kujulikana kwa hii: kama gurudumu yake ya pédale inakosa jino moja juu ya makumi ine na ine.

Nikauma ulimi.

"Unaona?" akasema. "Mujinga angefikiri imevunjika. Mie nilikaa siku tisa. Kila muzunguko ile kukosa inapiga ko! Inatikisa mbegu, ganda linaachia. Marehemu alikuwa génie, akili ya ajabu, na hakuna mwingine angeiona, ila mutu wa kusoma mashini na sheria pamoja. Ile jino njo mupaka yenyewe. Nimeiweka mu dai ya kwanza, fasi tunasema nini ni yetu."

"Na mashini yenye meno yote?" nikauliza, sauti ndogo.

Akacheka sana. "Ile ni chuma tu, koko. Iko inje ya mupaka. Hata nikiikuta njiani siigeuzie shingo."

"Wasingya, mwana wangu," nikasema. Asante ile ilitoka mu moyo kabisa.

Kesho yake nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kalunguta, nikamusimulia Maliro muzee mwenye mikanda sita, na ile jino ya Gérard pia, nikamupa kalamu na pembe ya karatasi. Wiki mbili alitumika. Siku ya kumaliza akashika nyundo. "Koko, hadisi yako inasema nivunje jino moja."

"Gusa ile jino uone kama sitavunja yako," nikamuambia. Nikamueleza mambo ya chupa. Maliro akaweka nyundo chini, akasema tu: "Batu bamesoma."

Kahawa ikatoka uchi, safi, nzima. Rébecca akakanyaga, machozi yanaanguka juu ya kahawa na yenyewe inakobolewa.

Haikupita siku tano, Syauswa akasikia. Muhuri ya Beni ilikuwa imeshapigwa. Akafika Kalunguta saa ya chakula, na Gérard na faili chini ya kwapa, na Commandant Ésaïe na basoda yake. Ule commandant ni mutoto wa Alimbongo. Vita ilimukuta anauza vitunguu, ikamupa bunduki. Uwanja ya Maliro ikajaa batu.

"Likambo nini?" commandant akauliza kwa Lingala, anaangalia sufuria ya maharagwe.

"Wameiba mashini yangu!" Syauswa akasema. "Niko na brevet. Mukamate hii chuma, muipakize."

Rébecca akakaa juu ya kiti ya mashini na kushika usukani na mikono mbili. Basoda bakamusogelea.

"Commandant," nikasema, "mie ni mujane ya Kasika pia, uliza kila mutu. Ninaomba kitu moja. Docteur ya Karatasi asome mupaka yake. Kisha ahesabu."

Commandant akainua mabega. "Soma."

Gérard aliniona. Nafikiri njo saa ile alikumbuka kalamu. Mais bakimuambia soma, ule mutu anasoma, ni kama umbwa na mufupa. Akavaa miwani, akasoma dai ya kwanza, mbele ya watu wote, mpaka fasi ya jino. Kisha akapiga magoti mu vumbi, akahesabu gurudumu ya Maliro. Akahesabu tena, kidole yake inaenda polepole.

"Ngapi?" commandant akauliza.

"Makumi ine na ine."

"Donc ni ile, ao haiko ile?"

"Ni ile ile!" Syauswa akapiga kelele. "Jino ni nini? Jino si kitu! Sema, Gérard!"

Mungu wangu, mulingeona ile uso. Kama anasema jino si kitu, ukurasa yake ya kumi na mbili ni takataka, mbele ya batu, na ni yeye mwenyewe anaitupa. Kama anasema jino ni kitu, patron anapotea. Masikini Kasika, Rébecca, batoto batatu, vile byote havikupita mu ile kichwa hata kidogo. Nilimuangalia, niliona. Alikuwa anachagua tu katikati ya Syauswa na karatasi yake.

Akasimama, akakunguta magoti. "Haiko ile. Brevet inachunga mashini yenye kukosa jino. Hii ni kuiga ya bajinga. Haitatikisa mbegu. Haitakoboa kitu."

"Rébecca," nikasema, "kanyaga."

Akakanyaga. Ikazunguka bila ko! moja, laini kama mutu anavuta pumzi mu usingizi, na kahawa ikaanza kunyesha mu kikapo. Commandant akatumbukiza mukono, akanusa, akaanza kucheka. Akaita basoda yake bakule maharagwe. Syauswa alikuwa ameshageuka.

Gérard akabaki amesimama, anaangalia ile gurudumu. Hapo nikamusogelea, nikamuambia mu sikio habari ya jino: nani, lini, na nini. Nilingoja aanguke. Nilikuwa nimechunga ile neno miezi minane kama nyama ya Noeli.

"Chupa ya nini?" akauliza.

"Bière. Ya Kinshasa."

"Kifuniko ilikuwa na mikunjo makumi mbili na moja?"

"Mie hapana hesabuka kitu ya kutupa."

Macho yake yakangaa nyuma ya miwani. "Ni ile yangu," akasema. "Koko, ni ile yangu! Ilikaza mpaka ikavunja chuma!" Akatafuta kalamu mu mifuko yote kusudi aandike, na kalamu ilikuwa kwa Maliro, imejaa mafuta. Mutu amesikia kama kazi yake ya siku tisa ni upumbavu ya mwanamuke muzee mwenye kiu, na anafurahi juu ya kifuniko. Sasa ule utamufanya nini? Hata kumutukana ni kupoteza mate.

Njia ya Kinshasa ilipofunguka, alipanda ndege ya kwanza na suti ile ile. Banasema kule anaandika tena, juu ya mufuko ya maji. Kaburi ya Falonne ni mie naipalilia.

Na Syauswa? Karatasi yake inachunga tu mashini yenye kukosa jino, yenye meno yote si yake, basi kila mashini yenye inatoka mu garage yake, fundi lazima aivunje jino moja kwanza, na tupa ya kukata chuma, kwa uangalifu. Ukipita kule chini ya soko utazisikia zote pamoja, zinachechemea, ko! ko! ko! kama jeshi ya bilema. Banamuke banapita na kahawa yabo kwa kichwa bila kugeuza shingo. Banapanda mpaka kwa Rébecca, fasi hakuna kelele. Mashini ya Maliro inakaa sasa mu ile uwanja ya Kasika, na siku hizi mikono ya Rébecca haihitaji mafuta ya mamba.